Chuma Kando ya Mkebe wa Chumvi

Mume wangu ana mkono mzuri wa randa, hilo silikatai hata nikiwa nimemkasirikia. Ana mabega ya kazi, ana jicho la kuujua ubao uliopinda tangu ungali juu ya mkokoteni, na akianza kupiga randa mbao ya mvule unaweza kuacha chai yako ipoe ukimtazama. Lakini kunoa hajui. Hajui kabisa. Na kwa miaka kumi na miwili Watamu nzima, kuanzia wauza samaki hadi wenye majumba ya ufukweni, iliamini kwamba hakuna fundi anayenoa chuma cha randa kama yeye. Aliyekuwa akinoa ni mimi, jikoni, baina ya kuchambua mchele na kukuna nazi.

Siandiki haya ili nimwaibishe. Au tuseme kidogo ndiyo. Nilichotaka kwake miaka yote hiyo hakikuwa kanga wala bangili. Nilitaka aseme mbele ya watu, kwa kinywa chake kile kile kinachosema mengine yote, kwamba yeye hajui kunoa na anayenoa ni mkewe. Maneno hayo hayajazi hata kiganja. Mume wangu, ambaye anaweza kuzungumza kuanzia alasiri hadi magharibi bila kumeza mate, hakuwa na nafasi ya kuyasema.

Kwa asiyejua kazi ya mbao nieleze kidogo, maana ugomvi wetu wote uko hapa. Randa ni kile kigogo ambacho seremala hukishika kwa mikono miwili na kukisukuma juu ya ubao ili kuulainisha. Tumboni mwake mna kipande cha chuma bapa, upana wake vidole vitatu, chenye makali upande mmoja. Mtu yeyote angedhani makali hayo yanatakiwa yanyooke sawasawa. Hapana. Yakinyooka, zile kona mbili za chuma huzama ndani ya ubao, na kila unapopita zinaacha mstari. Meza ya namna hiyo ukiiweka karibu na dirisha, jua la asubuhi likaipiga ubavuni, unaiona imejaa matuta kama shamba la muhogo. Kwa hiyo chuma hunolewa kiwe na tumbo dogo sana: katikati pajitokeze, kona zirudi nyuma kiasi cha unywele. Ukiweka rula juu ya makali na kuinua kwenye mwanga, mwanga unapenya kwenye kona zote mbili, na katikati haupiti. Hapo maranda, yale maganda ya mbao, hutoka mazito katikati na membamba kando hadi yanapotea, na ubao unabaki hauna alama.

Baba yangu alikuwa seremala Takaungu, na Mungu hakumpa mtoto wa kiume. Alimpa mimi. Kupiga randa hakunifundisha, alisema majirani watamcheka, lakini kunoa alisema ni kazi ya kukaa, na kazi ya kukaa haina ubaya kwa mtoto wa kike. Basi nikakaa. Nilikaa kwenye kibao uani kuanzia nina miaka tisa mpaka siku niliyoolewa, nikinoa vyuma vyake na kusikiliza anavyowasengenya mafundi wa Kilifi.

Kinoo chake kilikuwa jiwe la kijivu, refu kama mkate wa boflo, alilolirithi kwa fundi aliyemfundisha yeye. Kwa kunolewa miaka na miaka, jiwe lilikuwa limebonyea katikati, limefanya bonde. Mgeni angesema limekwisha, litupwe. Kwa baba, bonde lile ndilo lilikuwa jiwe lenyewe, kwa sababu chuma kikipita bondeni hutoka na tumbo. Juu ya hayo alikuwa na hesabu yake. Alinikalisha, akaweka kidole chake juu ya changu, akabonyeza: kumi kona hii, kumi kona ile, mbili katikati, tena upya. Niliidhania ni mazoea tu ya mzee, kama mtu anayehesabu vigingi vya uzio kila akipita. Mwisho tunakipitisha chuma kwenye soli ya makubadhi yake ya zamani ili kuondoa ule unyuzi wa chuma unaobaki nyuma ya makali, kisha tunakwenda kwenye mwanga na rula.

Nilipoolewa, wenzangu walipewa sufuria na vikombe vya maua. Mimi nilipewa hivyo pia, na juu yake jiwe, limefungwa kwenye leso mpya. Mawifi walipolifungua walicheka mpaka wakashikana. "Huyu bibi harusi," mmoja alisema, "kaja kuolewa au kaja kujenga?" Baba alikuwa amekaa ukumbini na wanaume, akasikia. Miaka miwili baadaye alifariki, na jiwe likawa ndilo nililobaki nalo la mkono wake. Nilikuwa nikipitisha kidole gumba kwenye lile bonde wakati wali unakauka, bila sababu.

Sasa mume wangu. Mwezi wa kwanza wa ndoa nilitoka uani na sahani ya mihogo ya nazi, nikakuta amemaliza mbao ya kitanda, anaisifu mwenyewe. Nikaitazama kwa ubavu, mistari imejaa. Nilikuwa mgeni nyumbani kwake, sikutaka kuanza maisha na maneno, nikanyamaza. Lakini siwezi kukaa na mbao mbaya kama vile mtu mwingine hawezi kukaa na mtoto mwenye kamasi. Mchana alipolala baada ya chakula nilikitoa chuma kwenye randa, nikakinoa kwenye jiwe la baba, nikakirudisha. Alasiri akaamka, akasukuma randa mara moja, akasimama. Akasukuma tena. Akaokota ganda la mbao lililotoka, akaliinua juani, akalitazama. Akageuza shingo akaangalia mlango wa jikoni. Mimi nilikuwa nachambua mchele.

Hakuniuliza. Kesho yake asubuhi nilikuta chuma kimewekwa kwenye rafu ya jikoni, kando ya mkebe wa chumvi, kimefungwa kwa gazeti. Nikakinoa, nikakifunga kwa gazeti lile lile, nikakiweka pale pale. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba yetu. Miaka kumi na miwili kile chuma kilikwenda na kurudi kando ya mkebe wa chumvi, na baina yetu halikupita neno hata moja juu yake. Tuliongea juu ya watoto, bei ya sukari, mama yake, paa linalovuja. Juu ya chuma, kimya. Ungedhani tumeficha maiti.

Kisha sifa zikaja. Meza zake zilianza kuingia kwenye majumba ya wageni, na wageni wale wana tabia ya kupapasa vitu. Walipapasa, wakasema hawajaona. Wenye majumba wakaleta wenzao. Na mume wangu, ambaye mwanzo alikuwa akikubali sifa kwa kuinamisha kichwa, akaanza kuzoea, na alipokwisha kuzoea akaanza kutoa darasa. Kila alasiri barazani mwetu, kahawa mkononi, wanaume watano sita mbele yake, anaeleza siri ya kunoa.

"Yakhe, chuma hakinolewi kwa nguvu," alikuwa akisema. "Chuma hunolewa kwa pumzi."

Kwa pumzi! Nilikuwa nyuma ya pazia namimina kahawa, nusura niimwage yote. Wiki nyingine akasema siri ni mafuta ya habasoda. Wiki nyingine akasema siri ni kutoongea na mtu unaponoa, na hapo nilitoka kabisa nikaenda chooni kucheka, kwa sababu mtu huyu hajapata kufanya jambo lolote bila kuongea. Wale wanaume walitikisa vichwa. Mmoja alinunua habasoda.

Nami sikuwa malaika, naomba nisionekane hivyo. Aliponiudhi sana nilikuwa na njia yangu. Siku aliyosema mbele ya mama yake kwamba samaki wangu wa kupaka ana chumvi nyingi, nilinoa chuma nikaiacha kona moja bila kuirudisha nyuma. Kona moja tu. Siku nzima alihangaika na mstari mmoja ubaoni, anageuza ubao, anageuza randa, anatukana mti. Alasiri aliwaambia wa barazani kwamba mvule wa siku hizi hauna adabu. Nilifurahi mno, na sijatubia.

Mwaka jana mwalimu mkuu wa chuo kimoja cha ufundi huko Matsangoni aliona meza yake kwenye jumba la mtu. Ni mwanamke wa Kigiriama, mrefu, mwenye miwani, hasemi sana. Chuo chake kina mashine, lakini umeme ukikatika wanafunzi hukaa wakipiga soga, naye alitaka mwalimu wa vifaa vya mkono. Akampigia mume wangu simu: aje siku fulani, anoe chuma mbele ya wanafunzi na wazee wa bodi, kisha apige randa ubao. Wakiridhika, kazi ni yake.

"Hilo jambo dogo," mume wangu alisema kwenye simu. Nilikuwa namwangalia. Alikuwa ameshika ukuta.

Usiku wa siku hiyo alikula kidogo. Nikaona huruma, nikafanya jambo ambalo halijafanywa nyumbani mwetu, nikalisema kwa mdomo. "Baba watoto, nikuoneshe kunoa? Siku mbili tu, utajua."

Aliinua macho kutoka kwenye sahani kana kwamba nimemwambia nimfundishe kuvaa suruali. "Unioneshe nini? Mimi fundi." Akachukua simu akaanza kutazama video za wazungu wanaonoa.

Wiki hiyo shangazi yangu alifariki Takaungu. Nilikwenda msibani siku tatu. Niliporudi nilikuta veranda yetu ya saruji ni nyeupe, imejaa uji wa jiwe uliokauka, na mume wangu amesimama katikati na ndoo, jasho linamtoka, anatabasamu kama mtu aliyeninunulia friji. Mkononi ameshika jiwe la baba.

"Nimekutengenezea," akasema.

Alikuwa ameona kwenye simu mzungu mwenye masharubu akisema kwamba jiwe la kunolea lazima liwe bapa, bapa kama maji. Akatazama jiwe letu, akaona bonde, akaona aibu kulipeleka mbele ya wazee wa bodi likiwa hivyo. Akamwaga mchanga na maji kwenye saruji, akalisugua jiwe siku tatu. Siku tatu! Mtu asiyeweza kukaa na kinoo kwa robo saa alikaa siku tatu kulifuta bonde. Lilikuwa limekwisha kabisa. Nilipitisha kidole gumba, hakikutumbukia popote.

Nililia. Nililia mbele yake, na buibui la msibani likiwa bado mwilini, na nadhani alidhani namlilia shangazi kwa sababu aliniambia nimshukuru Mungu aliishi miaka mingi. Bonde lile lilichimbwa na mkono wa baba na wa mwalimu wake, na wangu, na sasa lilikuwa uji kwenye veranda na kuku wanalipita.

Siku ya chuo ikafika. Mume wangu alivaa kanzu nyeupe kwenda kazi ya kunoa, maana yake alikwenda kupigwa picha. Tena aliniamuru nipike pilau sufuria kubwa ili tuwagawie watu baada ya yeye kupewa kazi. Kwa hiyo tukapanda tuktuk, yeye na randa na jiwe mbele kwa dereva, mimi na sufuria nyuma, mpaka Matsangoni. Walinikalisha pembeni mwa karakana karibu na mlango, na sufuria langu, miongoni mwa mbao.

Mwanzo alifanya vizuri sana, kwa sababu mwanzo ulikuwa wa maneno. Aliwaambia wanafunzi habari za pumzi. Aliwaambia jiwe lazima liwe bapa kama maji, akalipandisha juu walione. Kisha ikabidi anoe. Akakishika chuma kwa ngumi, akakipeleka mbele na nyuma, mbele na nyuma, kona zote mbili zimelala sawa. Mimi niliyekaa mbali nilijua kitakavyotoka. Akakirudisha kwenye randa, akasukuma ubao wa mvule, na yale mabega yake yalipendeza kama siku zote. Wanafunzi wakapiga makofi.

Mwalimu mkuu akauinua ubao, akaupeleka mlangoni penye mwanga, akaulaza kwa ubavu. Alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu, nikaiona ile mistari pamoja naye. Akapitisha kiganja. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Bwana fundi," akasema, "ile meza niliyoiona haikuwa hivi."

Na mume wangu, mbele ya wanafunzi arubaini, wazee wa bodi, na mimi mkewe niliyekaa na pilau lake, akasema: "Kunradhi, mwalimu. Hili jiwe mke wangu kaliharibu. Wajua wanawake, kila kisu cha jikoni watakinoa papo hapo. Nimejaribu kulitengeneza, lakini ndo lishaharibika."

Wazee wa bodi wakacheka kidogo, kile kicheko cha wanaume cha kuoneana huruma. Nilihisi masikio yanawaka. Nimekwishaambiwa mambo mengi na mume wangu, na mengi nimeyasahau, lakini hilo sitalisahau. Niliweka mwiko chini, nikafunika sufuria, nikaenda mbele.

"Nipe chuma."

"Mama watoto, si hapa," akanong'ona.

"Hapa hapa."

Nilikaa kwenye kibao. Mikono yangu ilinuka bizari. Nililitazama jiwe lile bapa, na nitasema kweli, niliogopa, kwa sababu nilikuwa nimeamini miaka yote kwamba kinachonoa ni lile bonde. Bila bonde sikujua mimi ni nani kwenye kazi ile. Nikaweka chuma juu ya jiwe, na kidole changu kikaenda chenyewe kwenye kona na kubonyeza. Kumi kona hii. Kumi kona ile. Mbili katikati. Nikaanza upya. Nilipofika mzunguko wa tatu ndipo nikafahamu ile hesabu ya baba ilikuwa ya nini. Jiwe linaweza kuvunjika, kuibwa, au kuolewa na mwanamume wa Watamu. Mzee aliweka bonde lingine kidoleni mwangu na hakuniambia.

Sikuwa na soli ya makubadhi, nikavua kiatu changu nikamalizia hapo. Nikaomba rula. Nikainua kwenye mwanga wa mlango, mwalimu mkuu akainama tukatazama pamoja: mwanga kona hii, mwanga kona ile, katikati hamna. Nikampa mume wangu randa. Sitaki kusema uongo, alikuwa mpole. Alisukuma, na ganda la mbao likatoka refu, laini, kando zake zinapotea, likajikunja sakafuni. Mwalimu mkuu akapapasa ubao kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mama, umejifunza wapi?"

"Kwa baba yangu, Takaungu."

Akamgeukia mume wangu. "Na ile meza niliyoiona, chuma chake alinoa nani?"

Nikamtazama. Karakana nzima ikamtazama. Ilikuwa ndiyo nafasi aliyopewa na Mungu mwenyewe, imeoshwa na kuwekwa mbele yake kwenye sahani. Mume wangu akatazama mabati ya dari, akakohoa, akasema: "Tunasaidiana."

Pilau liliisha. Wazee wa bodi waliongeza mara mbili.

Kazi nilipewa mimi, asubuhi mbili kwa wiki, kufundisha kunoa. Mume wangu aliambiwa atafikiriwa. Na mimi kwenye tuktuk, tukirudi na sufuria tupu, nilimwambia neno langu moja: sitagusa tena chuma chake mpaka aseme mbele ya watu nani anayenoa. Akaniuliza kwani amesema nini kibaya. Nikatazama barabara.

Jumatatu asubuhi chuma kilikuwa kando ya mkebe wa chumvi, kimefungwa kwa gazeti. Nikachota chumvi, nikafunika mkebe, nikakiacha. Jumanne kukawa na viwili. Baada ya wiki tatu rafu ya jikoni ilikuwa na vyuma saba, na mimi natia chumvi kwenye mchuzi kila siku nikivipita kama jirani tusiyesemezana naye. Barazani alikuwa akiwaambia wenzake kwamba amenipeleka chuoni baada ya kunifundisha mwenyewe, na kwamba ilimchukua muda kwa sababu wanawake hawana pumzi.

Akaagiza kigari cha chuma chenye magurudumu madogo, cha kushikilia chuma kisitikisike wakati wa kunoa. Kilikuja kwenye boksi zuri. Alinoa nacho chuma kikatoka kimenyooka kuliko rula yenyewe. Mteja mmoja, bibi wa Kitaliano, alirudisha meza ya kulia chakula, akamwonesha mistari kwa kidole bila kusema kitu, na kwa hilo hata mimi nilimwonea uchungu. Mwingine alirudisha milango. Kuna alasiri nilimkuta amekaa peke yake kwenye maranda yake mafupi yaliyokatikakatika, hasemi. Nusura nichukue chuma. Nilikwenda nikachemsha chai badala yake, nikampa, nikarudi ndani.

Darasani kwangu nina sharti moja. Anayeingia siku ya kwanza husimama, akasema mbele ya wenzake kitu asichokijua. Si zaidi ya hapo. Wengine huona haya, wengine hucheka, lakini wote husema, kisha nawapa jiwe. Sharti hili nililitoa kichwani mwangu wiki ile ya kwanza, na sitajifanya sikumfikiria mtu fulani nilipolitoa. Darasa huwa wazi pia kwa mafundi wa nje, na huja wengine wenye mvi.

Alhamisi moja mwezi uliopita nilikuwa nimegeuka ubaoni nachora chuma chenye tumbo, nikasikia benchi la mwisho linalia. Nikageuka. Alikuwa amekaa yeye. Hakuvaa kanzu, alivaa shati lake la kazi lenye gundi kifuani. Kofia ameishika mapajani, na juu ya kofia kipande cha gazeti kimefunga kitu bapa. Wanafunzi walimjua wote. Kila mmoja akaniangalia mimi.

Nilianza na waliokuwa wapya mbele yake, wawili. Mmoja akasema hajui kupima. Mwingine akasema hajui kuamka mapema, wakacheka. Kisha nikasema, "Na wewe, baba?" kama ninavyomwambia fundi yeyote mtu mzima.

Alisimama. Akaigeuza kofia mikononi. Nilimwonea huruma, na nilikuwa bado nimekasirika, yote mawili yalikaa pamoja kifuani bila kusukumana.

"Mimi," akasema, akitazama vidole vya miguu yake, "sijui kunoa. Sijapata kujua. Vyuma vyangu vyote alikuwa akinoa mke wangu."

Miaka kumi na miwili niliyangoja maneno hayo. Nilidhani siku nitakayoyasikia nitapiga kigelegele, au nitalia, au nitamwambia basi yamekwisha, keti. Nilikuwa na chaki mkononi, nikaiweka.

"Sauti, baba," nikamwambia. "Walio nyuma hawajasikia."

Akageuka kuwatazama. Alikuwa amekaa benchi la mwisho, na nyuma yake palikuwa na ukuta tu. Aliutazama ule ukuta, akanirudishia uso, akavuta pumzi, akayasema tena.